Hajaiva

Nilichokisikia kwanza, mwanangu, ni kishindo: taka-taka-taka, kisha kwaa! Kama mzee aliyepaliwa na ugoro. Ilikuwa mashine ya kusaga ya jirani yetu wa Kariakoo, Mzee Chilumba, ukuta mmoja na chumba changu. Sikuwa nimewahi kuiona. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani kwa desturi yetu, na wa kuzungumza naye alikuwa kungwi wangu tu, Bi Mwantumu, niliyemwita somo.

Umekuja asubuhi hii na macho mekundu. Umepata nafasi ya kusomea uhandisi na hujui kama unaitaka. "Shangazi, nimechanganyikiwa," umesema. Keti. Mimi nilichanganyikiwa kuliko wewe.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari ya ufundi. Redioni walisema taifa linahitaji mafundi, wake kwa waume. Mama akashika kichwa: "Mtoto wa kike apande nguzo za umeme na kanga?" Huku posa nayo imeletwa kutoka Magomeni. Baba, mtu wa kusitasita, akasema nikitolewa ndani atafuata neno la kungwi. Na mimi nilitaka nini? Wallahi sikujua. Injinia nilidhani ni dereva wa treni.

Bi Mwantumu alinifunda: keti hivi, itika hivi, sema polepole. Mashine ikipiga kwaa, nami shingo inageuka.

"Unasikiliza nini?"

"Mashine, somo. Nadhani mkanda wake umelegea."

"Mkanda umeuona wapi, nawe hutoki?"

"Sijauona. Nimesikia tu kuwa inao."

Nilingoja kofi. Yeye akajitanda kanga, akatoka. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta: "Mzee Chilumba, mwali wangu anasema kaza mkanda."

Wateja wakaangua kicheko. "Mwali ajifunze kwanza kuusonga huo unga!"

"Kazeni mkanda," akawajibu Bi Mwantumu, "midomo mtaikaza baadaye."

Wakakaza. Mashine ikapiga kwaa vilevile, na kicheko kikazidi. Nilitamani nijifiche uvunguni. Bi Mwantumu akarudi, akaketi mkekani kwa utulivu.

"Umekosea," akasema. "Kosa moja haliachi mke. Sasa unasikia nini?"

Sikumwelewa. Mtu huyuhuyu aliyenifundisha kunyamaza ananitaka niseme tena? Lakini lile kosa lilikuwa linanikereketa kama mwiba wa samaki kooni. Nikasikiliza mpaka jioni. Nikagundua kishindo kinakuja hata mashine inapozunguka bure, bila mahindi, na kabla hakijaja sakafu yetu hutetemeka kidogo.

"Somo, waulize kama imefungwa vizuri pale chini, kwenye sakafu."

Akaenda. Bolti moja ilikuwa imelegea. Walipoikaza, sauti ikanyooka, ikawa kama mvumo wa nyuki. Mzee Chilumba alisema nimebahatisha, na pengine ni kweli.

Siku ya kutolewa ngoma zililia, nikavikwa kanga mpya. Baba akamgeukia kungwi. "Haya, mama, tupe neno. Mtoto yukoje?"

"Hajaiva," akasema Bi Mwantumu.

Ngoma zikanyamaza. Shangazi zangu wakasonya.

"Kwa mume hajaiva. Mpelekeni shule, akaivie huko."

Nililia, mwanangu. Nilidhani nimeshindwa jambo ambalo kila msichana hulifaulu. Watu wa Magomeni wakatafuta mchumba kwingine. Jioni nikaenda kuichungulia ile mashine, na haikufanana hata kidogo na niliyoichora kichwani: ilikuwa kitu kifupi, cheusi, kilichochafuka kwa unga. Nilisimama pale nisijue nimeadhibiwa au nimepewa zawadi. Nililijua jibu miaka baadaye, spana mkononi na grisi hadi kwenye viwiko.

Basi nasaha yangu ni hii. Usingoje akili itulie ndipo uende. Yangu haikutulia hata siku ya kwanza darasani, nilipokuta wavulana watupu nikadhani nimekosea mlango. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Watakucheka, waache wacheke, ilmradi bolti inakazwa. Utakosea, sikiliza tena. Na kama shingo yako hugeuka kila kitu kinapolia ovyo, usiseme kazi hiyo si yako kwa kuwa tu hujaielewa. Mungu akupe sikio pevu na mkono thabiti, akupe na mtu wa kukuambia umekosea bila kukufukuza.

Mimi nilimpata. Asubuhi ya safari nilisimama kizingitini na sanduku langu la bati, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Nenda, Mungu akutangulie."

Akanisukuma begani, kidogo tu. Nilipofika barazani nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, na komeo likiingia mahali pake.