Kopo Lililofungiwa Kabatini

Uwanja wetu wa tenisi, nyuma ya nyumba kule Kitale, baba aliutengeneza kwa udongo wa kichuguu na mistari ya chokaa. Alikuwa mtunza viwanja katika klabu ya mjini, na mipira iliyotupwa na wanachama aliniletea kwa gunia. Yote ilikuwa na kipara, manyoya yake yameisha. Kwa mipira hiyo niliwashinda wasichana wote wa Bungoma na Webuye kwenye michezo ya shule, tena bila huruma, nikaamua kuwa hiyo ndiyo kazi yangu duniani.

Siku moja, miaka ya elfu mbili ikianza, baba alinunua kopo la mipira mitatu mipya. Akaliweka kabatini pamoja na sahani za wageni, akafunga kwa ufunguo.

"Hii ni ya siku utakuwa mchezaji wa kulipwa," akasema. "Akiba haiozi."

Nilitii. Nyumbani kwetu kitu kizuri hakikuguswa.

Nilipotimiza miaka kumi na tisa nilialikwa kwenye mashindano ya kulipwa, Nairobi. Kama ningeshinda mechi moja tu, ningepata pointi moja, na jina langu lingeingia kwenye orodha ya dunia. Bila pointi hiyo hakuna ambaye angenialika tena.

Siku ya mechi mwamuzi akafungua kopo la mipira mipya. Mipira ilikuwa na manyoya kama vifaranga, na kila niliougusa ulienda nje. Ilipoanza kuchakaa nikaanza kushinda, ikaletwa mingine mipya, kama ilivyo kanuni ya mashindano ya kulipwa. Seti ya pili nilikuwa mbele, tano kwa tatu, zamu yangu ya kuanzisha, na kopo likafunguliwa tena. Sikupata mchezo mwingine hata mmoja, nikashindwa mechi. Nililia pale pale mbele ya watu, na sioni haya kusema.

Niliporudi, baba aliniuliza nilishindwa na nini.

"Mipira ilikuwa mipya, Baba. Sijui kuipiga."

Akaenda kabatini, akasogeza sahani, akalileta lile kopo uwanjani na kulifungua mwenyewe. Mpira wa kwanza niliupiga ukapita juu ya ua wa michongoma, ukaangukia mahindi ya jirani. Wa pili ukaufuata. Wa tatu hakunipa.

"Si ungeniambia tufungue mapema," akasema.

Sikushika raketi tena. Sasa nafundisha shule moja Bungoma. Kila nikienda kumwona, hata siku ya sukuma wiki na ugali tu, baba huniwekea chakula kwenye sahani za wageni.