Wifi yangu, poti la enameli na mwanangu aliyegoma kwenda haja kwa saa

Wakuu, nawasalimu. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba, tuendelee.

Ninachoandika hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Sio chai. Asiyeamini apite kimya kimya, jukwaa ni kubwa.

Nimechokozwa na uzi wa juzi. Kuna dada kaandika kwa mbwembwe kwamba amejiunga na course ya mtandaoni inayofundisha kusoma dalili za mtoto mchanga, ili umkalishe kwenye poti kabla hajachafua pampasi. Eti inaitwa elimination communication. Comment zikamiminika: hongera dear, hii ni next level, tutumie link.

Link!

Nilicheka mpaka meno yakataka kutoka, na nikisema meno namaanisha yale ya bandia.

Basi sogeeni niwape habari ya jambo hilohilo, Iringa, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Pampasi ilikuwa haijulikani kwetu.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, huko Mbeya. Niliolewa na Mhehe, karani wa bomani Iringa, jina lake Nikodemu. Mwanaume mzuri, mwandiko mzuri, ila tangu apewe meza yenye droo akawa hawezi kuongea mpaka akohoe kwanza.

Mimba ya kwanza nilikwenda kujifungulia kwa mama yangu. Mtoto wa kiume, tukamwita Ambwene. Mama ndiye aliyenifundisha.

Na hakunifundisha kwa maneno mengi. Mtoto kutwa yuko mgongoni au kifuani kwako, utaacha kumjua? Akitaka kukojoa anajinyonganyonga, anaachia ziwa, analishika, anaachia tena. Akitaka kubwa ananyamaza ghafla, anakodoa macho kama mtu aliyekumbuka kitu, na vidole vya miguu vinajikunja.

Ukiona hivyo unakaa chini, unanyoosha miguu, unamweka katikati, unamwambia "shiii". Anamaliza, unampangusa, mnarudi kwenye shughuli. Hakuna cheti.

Sitawadanganya kwamba sikulowa. Nililowa sana tu. Lakini mpaka anaanza kukaa mwenyewe, tulikuwa tunaelewana.

Nikarudi Iringa na mtoto wangu, nikamkuta wifi yangu Tabitha amehamia.

Tabitha ni dada mkubwa wa mume wangu. Hakujaliwa mtoto. Miaka mingi alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja mkulima wa tumbaku. Wale Wazungu walipofunga mizigo kurudi kwao, walimwachia zawadi mbili: poti jeupe la enameli lenye ukingo wa bluu, na saa ya mezani yenye kengele. Akavileta nyumbani kwetu kama Musa anavyoshuka mlimani na zile amri.

Siku ya kwanza tu akaniona nimemchuchumaza Ambwene nyuma ya jiko.

"Wifi! Unampeleka mtoto nyasini kama mbuzi?"

"Ameniomba, wifi."

"Amekuomba! Mtoto hajui hata kusema mama, amekuomba! Watoto wa Kizungu wanakwenda kwa saa. Kengele ikilia, poti. Ikiwa haijalia, wanangoja."

"Na tumbo lake linajua kusoma saa?"

Akamgeukia kaka yake. Karani akakohoa.

"Mama Ambwene, dada amelea watoto wa watu wakubwa. Mwachie."

Basi nikamwachia. Ningefanyaje? Mwanamke mgeni, lugha yao ya Kihehe naibahatisha, na asubuhi natakiwa shambani. Ambwene akawa anabaki na shangazi yake.

Wakuu, kile kilikuwa kituo cha polisi, sio malezi.

Kengele inalia, mtoto anakalishwa kwenye enameli, na asubuhi za Iringa mnazijua, bati linauma kama barafu. Analia, anashikiliwa mabega. Asipotoa kitu, anafungwa nepi na pini, anaambiwa asubiri kengele nyingine. Akikunja vidole katikati ya muda, akikodoa macho, shangazi anamwambia, "Bado."

Mtoto akafundishika kweli. Alijifunza kubana.

Kwanza ikawa anatoa vijiwe vyenye damu. Halafu hata vijiwe vikakoma. Tumbo likajaa likawa gumu, ziwa akawa analigusa na kuliacha. Mimi nawaambia mtoto anaumwa, wifi ananionyesha nepi kwa furaha.

"Umeona? Kavu tangu juzi!"

Anajisifia nepi kavu. Mtoto amefungika tumbo, yeye anashangilia usafi.

Kilichonitoa uvumilivu ni Jumapili moja. Wifi aliwaalika akina mama wa usharika waje kunywa chai na kuona mtoto aliyestaarabika. Kengele ikalia, Ambwene akakalishwa katikati ya sebule. Wale akina mama wamevaa vitambaa vyao vya kanisani, vikombe mkononi, wanamwangalia mwanangu kama sanduku la sadaka, wanasubiri kitu kidondoke.

Hakikudondoka kitu. Mtoto alikuwa analia bila sauti. Mdomo wazi, machozi yanatoka, sauti hakuna.

Nikaweka birika chini. Nikamnyanyua, nikamfunga mgongoni, nikachukua kanga zangu.

Mume wangu akanifuata mpaka mlangoni. Akakohoa.

"Ukitoka na huyo mtoto, usirudi."

Nilimwangalia. Nilikuwa nampenda, jamani, msije mkadhani. Nikatoka.

Nilimpata dereva wa lori, mzee wa Kisafwa, anarudi Mbeya na magunia, na juu ya magunia abiria. Kwa sababu ya mtoto akaniweka mbele pamoja naye. Barabara enzi hizo ni vumbi na makorongo mwanzo mwisho. Kiti kinapata joto la injini. Nikamlaza Ambwene tumbo kwa tumbo na mimi, nikawa namsugua mgongo, namwimbia nyimbo za kwetu. Taratibu akalishika ziwa. Akanyonya kidogo. Nilikuwa naogopa hata kupumua.

Tumeshaipita Sao Hill, akaliachia. Akanyamaza. Macho yakakodoka. Nikashika mguu wake, vidole vimejikunja.

"Baba, simamisha gari."

"Mama, hii gari ya tajiri. Haisimami porini."

"Isiposimama, wewe ndiye utamweleza tajiri wako harufu imetoka wapi."

Mzee alikanyaga breki mpaka waliokuwa juu wakapiga kelele.

Nikakaa kwenye nyasi pembeni ya barabara, baridi inapuliza, nikanyoosha miguu, nikamweka. Shiii. Akajikaza, akapiga ukelele, akanishika kidole gumba akakivuta kama anataka kukiondoa. Nikamwambia, "Usiogope, hapa hakuna kengele." Shiii. Abiria wote wamechungulia kutoka juu ya magunia.

Akatoa.

Akatoa, wakuu! Kule juu ya magunia mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakapiga makofi. Dereva, yule wa gari ya tajiri, akavua kofia. Mimi nalia, mtoto ameishiwa nguvu kifuani kwangu, halafu akageuza kichwa kutafuta ziwa.

Sijawahi kushangiliwa vile tena, hata kanisani siku ya ndoa yangu.

Nikakaa kwa mama. Mtoto akapona, akanenepa. Kutoka Iringa kimya.

Mavuno ya mahindi yalipokwisha, nikamwona Nikodemu anapanda kile kilima chetu, suti na tai, viatu vyekundu kwa udongo. Mama akamkaribisha vizuri, akampa ndizi na maziwa, akamwacha ashibe. Halafu akamwekea mtoto mapajani, mtupu kama alivyozaliwa.

"Mkwe, mtoto wako huyo. Ukishamjua, mtaondoka wote watatu."

Karani akakohoa.

"Una kifua?" mama akamuuliza.

Hakukohoa tena pale nyumbani.

Shati la kwanza lililowa hata jua halijageuka. La pili kesho yake. Baada ya hapo akaazima kaptula ya kaka yangu, maana mashati ya bomani yalikwisha. Majirani walikuwa wanapita makusudi kumwona karani wa serikali amechutama kwenye migomba, anasema "shiii" kwa mtoto ambaye hana haja yoyote, anamshangaa tu baba yake.

Sikumwonea huruma. Nilikuwa nachambua maharage, natazama.

Halafu jioni moja amekaa na wajomba zangu, anawaelezea mambo ya bomani, nani anasaini nini. Akakatisha sentensi katikati. Akamtazama mtoto miguuni. Akaruka na Ambwene kwenye migomba, tukasikia shiii, kisha tukasikia mtu mzima anacheka peke yake.

Akarudi na mtoto kifuani.

"Ameniambia," akasema. "Mama Ambwene, ameniambia mwenyewe."

Tukaondoka wote watatu.

Wifi Tabitha hakuniomba msamaha, na mimi sikumdai. Alihamia kwa ndugu mwingine. Lakini siku anafunga mizigo alikaa kitandani akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Kwamba yule mtoto mdogo wa Kizungu siku ya kuondoka alimng'ang'ania shingoni, wakambandua kama kupe, gari likaondoka analia. Hakupata hata salamu kutoka kwao.

"Wifi," akasema, "nilimbeba yule mtoto kuliko mama yake. Kama mambo yao niliyofundishwa hayana maana, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote ile?"

Nilimsaidia kufunga kamba.

Somo langu, wakuu, ni dogo. Mtoto anaongea tangu siku ya kwanza. Course inaweza kukutajia dalili, sawa, kanunue. Lakini kama kutwa unatazama simu na mtoto yuko kwa dada wa kazi, anayemjua ni dada wa kazi. Muulize yeye, na mshahara wake umlipe kwa wakati.

Wataalamu wa next level, uwanja ni wenu, njooni mnitukane. Ila nawaomba akina baba watangulie: nani humu amewahi kulowa, na nani mpaka leo anamwita mama mtoto aje kumchukua?