Alhamisi za Ndiva

Shuleni kwetu sala ilianza kengele ikilia, na kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichopandishwa mlimani kutoka Same, kikaning'inizwa penye mlango wa kanisa. Kanisa ndilo lilikuwa pia darasa la tatu na la nne. Tuliimba wimbo mmoja, mwalimu akasoma mistari michache, tukasali. Baada ya Amina waliochelewa, ambao muda wote walikuwa wamesimama nje, waliitwa ndani mmoja mmoja. Kila mmoja alitakiwa aseme mbele ya shule nzima kwa nini amechelewa, na mwalimu aliandika katika daftari. Aliyefikisha mara sita katika muhula hakuandikiwa barua ya kwenda shule ya kati. Bila barua hiyo, masomo ya msichana yaliishia darasa la nne.

Mimi nilichelewa kila Alhamisi. Ilikuwa siku yetu ya maji. Maji ya kijito hukusanyika usiku katika ndiva, bwawa la mawe na udongo juu ya mashamba, na alfajiri mwenye zamu huzibua tundu, kisha huyafuata kwenye mfereji hadi kwake. Usipoyafuata yanaishia kwa jirani. Baba alikuwa Maore, kule bondeni, akilima mahindi, mama alikuwa na kitoto kichanga, basi niliyafuata mimi na jembe langu.

Hayo ni maneno mengi. Mara ya kwanza nilipoitwa ndani niliyaona macho yote yale, nikatafuta jibu fupi kuliko yote.

"Nililala, mwalimu."

Mwalimu alikuwa mgeni, hana shamba wala zamu. Akaandika. Alhamisi iliyofuata akauliza tena, nami nikajibu vilevile, kwa kuwa jibu lilikwishapata njia yake. Wavulana wakaanza kuniita Bibi Usingizi.

Msichana niliyekaa naye benchi moja alinitazama miguu.

"Wewe, tope mpaka magotini. Ulilala mtoni?"

"Nyamaza."

"Mwambie basi ni zamu ya maji."

"Mwambie wewe."

"Mimi sikuchelewa," akasema, na alikuwa na haki. Katika sala hakuna aliyemsemea mwenzake.

Mara ya tano mwalimu alifungua daftari akalisoma kwa sauti. "Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi. Kwenu Jumatano usiku kuna pombe?"

Shule nzima ilicheka, hata watoto wa darasa la kwanza ambao hawakuelewa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Niliangalia sakafu. Nikiri hapa kwamba sikuumia sana kwa ajili ya baba. Nilikuwa nahesabu: imebaki moja.

Wiki ile nililifikiria jambo hili kama hesabu ya darasani. Nikisema tena nililala, barua hakuna. Nikisema kweli, nitakuwa nimeungama kwamba nilidanganya mara tano, ndani ya kanisa, Amina ikiwa bado haijapoa. Nilimwomba mama tuache zamu moja tu. Akanijibu, "Maharage yatasali?"

Alhamisi niliitwa ndani nikiwa na jembe mkononi, nilisahau kuliacha nje.

"Shikamoo, mwalimu. Ilikuwa zamu yetu ya maji."

"Leo?"

"Kila Alhamisi."

Aliliangalia jembe langu. Halafu akauliza, bila ukali, "Na zile tano ulizosema ulilala?"

"Sikulala."

"Kuchelewa nitakufutia, na Alhamisi zijazo sitakuuliza. Uongo siwezi kuufuta mimi. Kesho utaongoza sala, kwa maneno yako mwenyewe, si ya kukariri. Ukishindwa, zile tano zinabaki, na ya leo inakuwa ya sita."

Angenichapa ningeshukuru. Ijumaa nilifika kabla ya kengele. Nilisimama mbele, nikafumba macho mapema ili nisione mtu.

"Hatusikii!" wakapaza sauti wa nyuma.

Nikaanza upya. "Bwana, nilisema uongo hapa mara tano. Niliogopa kusema maneno mengi. Nisamehe. Uwabariki mwalimu na wazazi wetu."

Nikanyamaza nikitafuta la kuongeza. Darasa la kwanza wakadhani nimemaliza, wakaitikia Amina kwa nguvu, na shule nzima ikafuata. Nikafumbua macho.

"Fupi," alisema mwalimu. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya mistari mitano, akafunga daftari. "Kaa."

Barua iliandikwa muhula ulipokwisha. Mama aliigeuzageuza ingawa hakujua kusoma, kisha akaniuliza, "Na ule uchelewaji wako, mwalimu ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimwambia nilikuwa nafuata maji," nikasema. Ilikuwa kweli, kwa siku moja.