Siku nilipopima kasi ya sauti kwa kengele ya kanisa huku Mamba, baba akapanda mlima akidhani kuna msiba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nafunga simu.

Ila juzi kuna mkuu aliuliza mtu aliyesoma fizikia anaishia wapi hapa nchini. Nikaanza kumjibu kwenye comment, ikawa ndefu, nikaona nifungue uzi wangu. Yote haya yamenitokea mimi, na watu wengi walioyaona bado wapo huku mlimani. Nikikosea wakinisoma watanisahihisha.

Kwetu ni Mamba, Upareni, wilaya ya Same. Wanaojua tangawizi wanapajua. Baba alikuwa mkulima wa tangawizi, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kufika chuo kikuu.

Nilisoma fizikia kwa sababu niliipenda, basi. Nyumbani hakuna aliyeelewa ni kazi gani hiyo. Baba aliuliza mara moja tu: "Ukimaliza unakuwa nani?" Nikamwambia nitakuwa mwanafizikia. Akaendelea kunoa panga.

Nilipomaliza, ajira ya mwanafizikia haikuwepo. Ila chuoni nilikuwa nimejifunza kuandika code kwa ajili ya hesabu za project yangu, na hilo ndilo lililonilisha. Kampuni moja ya software pale Dar ikanichukua. Tulikuwa tunatengeneza mifumo ya maduka na maghala: bidhaa imeingia, bidhaa imetoka, nani kaidhinisha.

Kazi nzuri, sitaisema vibaya. Ofisi ina kiyoyozi, wenzangu wacheshi, na mifumo niliyoiandika bado naikuta kwenye maduka hadi leo.

Na baba akapata jibu la swali lake. Kila aliyemuuliza habari zangu alimwambia, "Yuko Dar, anafanya kazi ya kompyuta." Mama aliniambia alikuwa analisema hilo hata kwa watu ambao hawajauliza.

Siku moja umeme ukakatika ofisini. Tukiwa tumekaa tunasubiri jenereta, dada mmoja akauliza kwa nini radi tunaiona kwanza ndiyo tunaisikia. Nikaanza kueleza. Nikachukua kalamu ya ubaoni, nikachora. Umeme ukarudi, hakuna aliyenyanyuka. Nilipomaliza, bosi wetu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Wewe bwana ni mwalimu uliyepotea njia."

Wakacheka. Mimi nikaenda nayo nyumbani hiyo sentensi.

Sikuacha kazi siku ile, maisha hayaendi hivyo. Ila nilianza kutafuta namna ya kurudi kwenye fizikia, na baadaye nikapata nafasi kwenye kikundi cha watafiti waliokuwa wanaunda modeli ya mvua. Yaani unaigawa nchi katika viboksi kwenye kompyuta, kila kiboksi unakipa joto lake, upepo wake, unyevu wake, halafu unaiacha mashine ikokotoe mvua itanyesha wapi.

Wakuu, hapo niliishi. Asubuhi fizikia, mchana code, jioni ubishi na wenzangu kuhusu mawingu.

Lakini kulikuwa na jambo linaniuma. Viboksi vyetu vilikuwa vikubwa. Milima ya Upare yote ilikuwa viboksi vichache tu kwenye screen, na Mamba yetu ilikaa kiboksi kimoja na Same mjini. Anayepafahamu huko ameshaelewa. Same kule chini ni jua, vumbi na mkonge. Huku juu unaweza kuamka ukungu umeingia hadi jikoni. Modeli yangu ilichanganya vyote viwili ikatoa mvua ya wastani ambayo haijawahi kunyesha mahali popote.

Nilikuwa nakokotoa mvua ya kwetu nikiwa mbali nayo, na nilikuwa naikosea.

Ufadhili wa utafiti ulipokwisha, kikundi kikavunjika. Kampuni ya Dar ilikuwa tayari kunirudisha. Wakati huohuo nikasikia shule moja ya sekondari huku kwetu haina mwalimu wa fizikia kabisa. Nikaomba nafasi hiyo.

Nilifika nyumbani na begi langu jioni. Nikamweleza baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimelima miaka yote hiyo ili uende, halafu wewe unarudi."

Baada ya hapo akaacha kuzungumza na mimi. Si kwa ugomvi. Nikimwamkia anaitikia, lakini maneno mengine yote yalipita kwa mama. "Mwambie mwanao chai ipo." Mimi nimekaa hapohapo, naiona chai. Nikahamia nyumba ya walimu shuleni, ikawa nafuu kwetu sote.

Pale shuleni mkuu wa shule alinipokea vizuri lakini akanipa hali halisi. Watoto wakifika kidato cha tatu wanachagua masomo, na fizikia walikuwa wanaikimbia. Waliobaki walijaa madawati mawili. Akaniambia mwaka ule wakipungua tena, wa kidato cha tatu hawatafundishwa fizikia, mimi nitapewa vipindi vya hesabu badala yake.

Maabara ilikuwepo kwa jina. Kabati, mizani iliyopinda, chupa.

Nikasema hili mimi naliweza. Nikakaa na laptop yangu nikaandika programu za kuigiza majaribio. Pendulamu inabembea, mwanga unapinda kwenye maji, sauti inasafiri kutoka mlima mmoja kwenda mwingine. Tukaazima projekta. Wiki za kwanza darasa lilijaa hadi wa kidato cha pili wanachungulia dirishani. Nikajiona nimemaliza kazi.

Kulikuwa na binti mmoja anaitwa Namkunda, mtulivu, anayekaa karibu na ukuta. Siku nafundisha kasi ya sauti akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Hiyo sauti inakwenda hivyo kwa sababu wewe umeiandikia iende hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, nimeweka namba ya kitabuni.

"Ukiweka namba nyingine?"

Nikaweka nyingine. Sauti kwenye screen ikatambaa kama konokono, ikavuka bonde bila shida yoyote. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa tutajuaje ipi ni ya kweli?"

Wakuu, nimesimama mbele ya maprofesa nikatetea kazi yangu, lakini swali lile lilinikalisha chini. Ndilo hilohilo lililokuwa linaniuma kule kwenye viboksi, ila mimi sikuwahi kulisema kwa ufupi namna ile.

Nikafunga laptop. Nikawaambia wiki ijayo tutapima wenyewe.

Ng'ambo ya bonde, mkabala na shule, kuna kanisa lenye kengele ya zamani. Sauti yake inafika mbali. Mpango ukawa hivi: wanafunzi wawili waende kanisani na shuka jeupe. Kengele ikigongwa, papo hapo wanaangusha shuka. Sisi upande wa shule tukiona shuka limeanguka tunaanza kuhesabu sekunde kwa simu, tukisikia mlio tunasimamisha. Umbali wa kukata bonde tuliupata kwa ramani ya simu, ni kilomita moja na kidogo.

Sasa huku kwetu kengele ya kanisa haigongwi ovyo. Ikilia siku isiyo ya ibada, kuna aliyefariki, au kuna nyumba inaungua. Kwa hiyo nilimfuata Mwinjilisti anayeongoza kanisa hilo, nikamweleza. Akakubali, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba Jumatano itagongwa kwa ajili ya somo la watoto.

Tatizo ni kwamba Jumapili ile mvua ilikuwa kubwa na nusu ya washarika hawakwenda, baba akiwemo. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Jumatano asubuhi anga jeupe, hakuna upepo. Shuka likaanguka, tukahesabu, mlio ukatufika. Watoto wakapiga makofi. Mara ya pili vilevile.

Kabla ya mara ya tatu Namkunda akaniambia, "Mwalimu, mbona watu wanakimbia?"

Nikaangalia ng'ambo. Kwenye vijia vyote vinavyopanda kanisani kulikuwa na watu. Wengine na majembe begani, kina mama wamefunga kanga viunoni, wanapanda mbio.

Nikamwachia Namkunda simu, nikarukia bodaboda iliyokuwa getini, tukazunguka bonde. Nilipofika, uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Mwinjilisti alikuwa anaeleza, kila anayefika anaelezwa upya. Mama mmoja alikuwa analalamika ameacha makande motoni. Na pale mbele kabisa, jasho linamtiririka, matope ya shamba hadi magotini, alikuwa baba yangu.

"Nani amefariki?" ndiyo alikuwa anauliza.

"Hakuna, mzee mwenzangu," Mwinjilisti akamjibu. "Ni somo la mwanao."

Watu wakanigeukia. Nikamwamkia baba, shikamoo yangu ikatoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Akaitikia. Nikawaomba radhi wote, kisha nikawaeleza kwa Kipare tunatafuta nini: sauti inatumia muda gani kuvuka bonde. Walionuna waliendelea kununa. Wengine wakaanza kugeuka waondoke.

Baba akaniangalia. Baada ya miezi yote ile, akazungumza na mimi mwenyewe bila kumpitia mama.

"Sasa mmepata?"

"Bado, baba. Tumepima mara mbili tu. Inabidi kupima mara nyingi, halafu tuchukue wastani."

Akaangalia ng'ambo, akaangalia kengele, akawaangalia wale waliokuwa wanaondoka.

"Basi pigeni," akasema. "Tumeshapanda hadi huku, hatushuki bila jibu."

Watu wakabaki. Mwinjilisti akapiga, shuka likaanguka, na kila mara Namkunda akatusomea namba kupitia simu ya Mwinjilisti iliyowekwa sauti ya juu. Baba alikaa kwenye ukuta wa kanisa, kila namba ikisomwa anaitikia kwa kichwa. Yule mama wa makande naye alibaki, sijui kilichotokea kwenye chungu chake.

Jibu letu lilitoka dogo kidogo kuliko la kitabuni. Namkunda akauliza kama ni kwa sababu huku kuna baridi. Nikamwambia ni kweli kwenye baridi sauti hupungua mwendo, ila kuchelewa kwa vidole vyetu kwenye simu kulizidi tofauti hiyo, kwa hiyo hatuna haki ya kudai ni baridi. Alikasirika. Akataka turudie na vifaa bora. Hapo nikajua huyu amenasa.

Tuliposhuka, baba alitembea na mimi. Halafu akaanza mwenyewe.

Akasema alipokuwa mdogo alikuwa anakaa shambani anamwangalia mtu akipasua kuni ng'ambo. Anaona shoka limeshuka, mlio unakuja baadaye, wakati shoka limeshanyanyuka tena. Alimuuliza mwalimu wake. Mwalimu akaona anamchezea, akamchapa.

"Nikadhani macho yangu ndiyo mabovu," akasema. "Sikuuliza tena kitu shuleni."

Tulikuwa tumefika njia panda ya shambani kwake.

"Hawa wako wanauliza," akasema. "Nimewasikia." Kisha, "Jumapili uje ule nyumbani."

Akaingia shambani.

Mwaka uliofuata waliochagua fizikia hawakutosha madawati, tukaazima mabenchi ya kanisani. Pamoja na wanafunzi tuliweka vipima mvua huku Mamba, na vingine shuleni kwa rafiki yangu kule Same chini. Nikaandika programu ndogo ya kukusanya vipimo, nikavituma kwa wenzangu wa zamani wa utafiti, nao wakavitumia kugawa viboksi vidogo zaidi. Kampuni ya Dar hadi leo hunipa vikazi vya code wakati wa likizo.

Namkunda yuko chuo, anasoma fizikia. Akipiga simu tunabishana.

Baba alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Ile Jumapili ya kula nyumbani ilifuatwa na nyingine nyingi, na karibu kila moja alikuwa na swali ameliweka. Kwa nini chungu cha maji kinapoza maji. Kwa nini mwezi unafuata mtu anayetembea. Kwa nini usiku redio inashika stesheni za mbali kuliko mchana. Mengine nilijibu, mengine nilimwambia ngoja nikasome, naye alisubiri. Bado kuna moja la umande ambalo nililisoma nikapata jibu yeye akiwa hayupo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nilidhani baba amenyamaza kwa sababu haelewi kazi yangu. Kumbe alikuwa mtu mwenye maswali mengi ambayo hayakupata wa kuyapokea, na mimi niliyesomea kujibu maswali hayo niliishi naye nyumba moja sikuwahi kumuuliza.

Kwa yule mkuu aliyeuliza mwanafizikia anaishia wapi: mimi niliishia hapa, na ningeombwa nianze upya ningezunguka njia hiihii.

Wenye wazazi hai, muulizeni mzee au bi mkubwa leo: alipokuwa mdogo alikuwa anajiuliza nini? Halafu njooni mliandike swali lake hapa chini. Kama ni la fizikia nitajaribu kulijibu, na kama silijui nitasema silijui.