Blanketi Tulilompelekea Balozi

Mwalimu alikuja Iringa kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa thelathini na moja. Alitoka nchi moja ndogo ya baridi huko Ulaya, akanifundisha hesabu mimi na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu wa Mlandege, akastaafu, na bado akaendelea kuishi katika vyumba viwili vya uani kwa mama yangu. Hakuolewa. Alikuwa na redio, rafu ya vitabu, na tabia ya kusonga ugali mbichi ambao mama aliula miaka yote hiyo bila kulalamika mbele yake. Kisogoni kwake alilalamika sana.

Mvua za mwaka jana aliteleza penye bomba la maji akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alitembea na fimbo, tena polepole. Habari zikawafikia watoto wa kaka yake huko kwao, wakaanza kumwandikia arudi, watamtafutia mahali pa kutunzwa. Hakuwajibu. Mimi namfahamu, barua asiyoipenda huifanya alama ya kurasa. Ndipo wale vijana wakauandikia ubalozi.

Mwaliko ulikuja kwenye simu yangu kwa sababu Mwalimu mwenyewe ana simu ya kitochi. Ilikuwa kadi nzuri yenye nembo ya dhahabu. Balozi anatembelea Nyanda za Juu Kusini, na anawaalika raia wa nchi yake wanaoishi huku kwenye tafrija ya sikukuu ya taifa lao, katika bustani ya hoteli moja Mbeya. Mwalimu aje na mgeni mmoja. Chini kulikuwa na maneno mengine machache: balozi angependa kuongea naye pembeni kuhusu kurudi nyumbani.

Nilimsomea yote. Akasema, "Nitaona," akaendelea kumenya viazi.

Hiyo "nitaona" ilinikera kuliko kama angesema anaondoka. Wiki hiyohiyo alianza kugawa vitabu vyake. Mimi nikapewa kamusi, jirani mwenye duka akapewa kitabu cha ramani. Mtu anayegawa vitu vyake ama anajiandaa kufa ama anajiandaa kusafiri, na sisi hatukutaka kumpoteza kwa njia yoyote katika hizo mbili.

Mama akanituma steshenari nikaichapishe kadi, maana habari iliyo ndani ya simu yeye haihesabu kuwa habari. Akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akamwita yule jirani. Babu yake huyu jirani alitoka Bara Hindi. Yeye amezaliwa Iringa, anauza vitenge na mablanketi, na Kihehe chake kinanitia aibu mimi niliyenyonya kwa Mhehe.

"Hao ndugu zake wana haki ya kukasirika," mama alisema. "Miaka thelathini na moja tumekaa na binti wa watu. Kwao hatujapeleka hata salamu."

"Mama, sisi hatukumwoa."

"Kuoa ni nini? Si kumtoa mtu kwao akaja kwako? Huyu tumemtorosha, basi."

Kwetu kijana akimtorosha binti akakaa naye bila kujitambulisha, siku moja watu wake hulazimika kwenda kuomba radhi, hata kama wajukuu wameshaota meno. Hubeba blanketi la kumpa mama mzazi wa binti. Blanketi likipokelewa, yameisha, binti ni wenu. Likikataliwa, unarudi nalo kwapani na binti anabaki kwao. Lakini kabla ya kupokea, wazazi humgeukia binti mbele ya watu wote wakamuuliza: tupokee, tusipokee? Jibu ni lake mwenyewe.

"Balozi si mama yake," nikasema.

"Anayemwita nyumbani ni nani?"

Jirani akakubali kuwa mshenga, akasema blanketi atalitoa dukani kwake na gari ni lake, na neno la mwaliko lililosema mgeni mmoja tukaliacha hapohapo mezani.

Mwalimu aliliona lile blanketi alfajiri ya safari, limekunjwa kwenye kiti cha nyuma, la kijivu lenye mistari myekundu. Alilitazama kitambo. Kisha akajisogeza akakaa pembeni yake. Naye posa anazijua kuliko mimi. Mabinti watatu wa mtaa wetu walipochumbiwa aliketi upande wa mashangazi, na mmoja wao alipochelewa kujibu swali la tupokee tusipokee, Mwalimu ndiye aliyemfinya.

Tulipita misitu ya Mafinga na upepo wa Makambako. Chimala mama akaamuru tusimame, kwa kuwa ukweni hawaendi na kitu kimoja. Alitafuna mchele mbichi wa wauzaji wanne kabla hajaridhika na kununua ndoo moja, nasi tukamngoja garini na nguo zetu za kanisani. Mwalimu alisema tutachelewa. Mama akamjibu kwamba tumeshachelewa miaka thelathini, saa moja haitaua mtu.

Getini pa hoteli dada mmoja mwenye orodha alitutazama wanne, akatazama blanketi, akatazama na ndoo ya mchele.

"Hapa imeandikwa mgeni mmoja tu."

"Ni mmoja, mwanangu," mshenga wetu akasema kwa upole. "Amekuja kwa vipande vitatu."

Yule dada akajitahidi asicheke, akashindwa, akatufungulia.

Sijui nilitarajia nini. Labda nilitarajia viti vya safu, meza kuu na mtu wa itifaki. Niliyoyaona yaliniacha mdomo wazi. Kulikuwa na nyasi zilizokatwa, ukungu ukishuka kutoka mlimani, bendera ndogo iliyofungwa kwenye mwanzi, na Wazungu kama ishirini wamesimama. Wote wamesimama. Viti vilikuwepo, hakuna aliyevitaka. Vijana wa hoteli walizunguka na sinia za vyakula vidogo, kimoja tonge moja, na watu wakala wakiongea, glasi mkono mmoja. Mama alichukua kimoja, akakimaliza, akaniuliza kwa sauti ya chini chakula kitaletwa saa ngapi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni wao wenyewe. Nimeishi nyanda hizi maisha yangu yote na sikujua zimewaficha watu hawa. Alikuwepo fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai kutoka Rungwe, mzee mwenye mafuta meusi ndani ya mistari ya viganja. Walikuwepo masista wawili, na mume na mke vijana wanaolima parachichi. Alikuwepo mwanaume mmoja anayeishi Idodi, kwenye njia ya mbugani, ambaye alisema hajaongea lugha yake na mtu ana kwa ana kwa miezi minane. Hawakuwa wakifahamiana. Baada ya robo saa wakawa wanaongea kama watoto wa shangazi mmoja.

Nilimuuliza Mwalimu wanaulizana nini. Akanitafsiria: unatoka kijiji gani, wewe mtoto wa nani, yule mwenye duka pale njia panda bado yupo? Nilisisimka. Ni maswali yaleyale ambayo mama huwauliza wageni wote wanaobisha hodi Mlandege.

Kisha yule mzee wa Rungwe akataja jina la kilima cha huko kwao. Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Naye akataja kingine, na yule mzee akapiga paja, na hapo Mwalimu akacheka. Mimi kicheko cha Mwalimu nakijua, hutokea puani, kifupi, halafu huomba radhi. Hiki kilitoka tumboni. Alirudisha kichwa nyuma, meno yote nje, mpaka fimbo ikamdondoka. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kucheka hivyo kwetu hata siku moja. Niliiokota fimbo nikabaki nayo, najiona mgeni kwa mtu aliyenifundisha kugawanya.

Wakaimba wimbo wa taifa lao. Hapakuwa na muziki, ni sauti zao tu, kavu, nyingine zikipotea njiani na kurudi. Masista walifumba macho. Yule wa Idodi alilia waziwazi bila kujifuta. Mwalimu aliimba amesimama wima bila fimbo, uso umelegea, na nikamwona msichana mdogo ndani ya yule bibi, msichana ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Niliogopa kidogo, kama unavyoogopa ukiingia kanisani peke yako.

Mama aliona niliyoyaona. Alinishika kiwiko.

"Twende zetu," akasema.

"Na blanketi?"

"Wewe huoni? Huyu ana kwao. Nilikuwa nasema tu kwamba ana kwao, lakini sikuwa najua." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hatuwezi kumwomba mtu aache kitu kama kile."

Nilikubaliana naye kabisa. Niliona aibu kwa ndoo yetu ya mchele. Lakini jirani alitikisa kichwa.

"Dada, mshenga hageuki akishafika mlangoni. Nitasema kwa namna nyingine."

Balozi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, amevaa koti zuri na viatu vya kutembelea porini. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kwetu, pengine kwa sababu ya blanketi. Mama yangu, mwenye miaka sabini na miwili, akainamisha macho na kupiga magoti kidogo, kama mtu aliyekutana na mkwe. Balozi hakuelewa, lakini akajishusha naye, chini zaidi ya mama. Wakawa wanashindana kushuka mpaka nikahofia nani atawainua.

Jirani akasafisha koo. Alisema Kiswahili cha kishenga, kirefu, cha kuzunguka, nami nikatafsiri kwa Kiingereza. Alisema sisi ni watu tuliokaa na binti wa watu bila kutuma salamu, na tumekuja kukiri kosa. Alisema mchele ni wa kuomba radhi na blanketi ni la kumwomba akae nasi. Hapo alitakiwa kuzitaja sifa zetu, kama tulivyopanga njia nzima. Hakuzitaja.

"Tumemsikia akiimba," alisema. "Mkisema anarudi, tutamsindikiza mpaka uwanja wa ndege na mchele mtabaki nao. Tumemaliza."

Nilidhani atatucheka, au atatupa jibu la kiofisi. Alisema, taratibu, kwamba yeye hana mamlaka juu ya mtu mzima. Watoto wa kaka ndio waliomwandikia, na alikuwa amejiandaa kumshawishi. Kisha akaliangalia blanketi lililokuwa mikononi mwa mama, na nikaona hajui la kufanya. Mikono yake ilinyanyuka, ikasimama njiani. Akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kitu kwa lugha yao, kifupi.

Mwalimu aliitazama ile bendera kwenye mwanzi. Akamtazama mzee wa Rungwe, aliyekuwa bado anamtabasamia akiwa karibu na sinia za chakula. Akamtazama mama, ambaye alikuwa anatazama nyasi. Halafu akasema neno moja.

Balozi akalipokea blanketi kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani.

Wao wawili walikwenda kuongea pembeni, hawakuchukua muda. Mwalimu aliporudi alisema balozi ataandika barua kwa wale vijana, na kwamba yuko tayari tuondoke. Aliagana na mzee wa Rungwe kwa muda mrefu, wakaandikiana namba za simu kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Njiani mama alikaa mbele, na jirani akaendesha bila redio. Nyuma, nafasi ya blanketi ilikuwa wazi kati yangu na Mwalimu. Mimi si mtu wa kuvumilia. Tulipopita Chimala nikamuuliza.

"Mwalimu, balozi alikuuliza nini?"

"Nani, yule mtoto?" Alikuwa anatazama mashamba ya mpunga. "Mila hazijui. Alikuwa anaulizia adabu tu, kama ni vizuri mtu wa cheo chake kuchukua kitu cha watu. Aliniuliza, nipokee?"

Jirani akapunguza mwendo. Shingo ya mama ilikuwa imekakamaa.

"Ukamjibu nini?"

"Kwani hukuona? Nilimwambia apokee."

Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanamtikisika, nasi tukamwacha. Tulikuwa tunakaribia Makambako alipokifunua na kupenga kamasi.

"Basi ugali wa leo unasonga wewe," akasema bila kugeuka. "Mke hafiki nyumbani akakaa. Na leo uive."

Mwalimu akarudisha kichwa nyuma akacheka, meno yote nje, mpaka fimbo ikamdondoka miguuni.