Glide bait kwenye majani ya Asembo Bay: kosa langu la kuchagua lure kwa mkono wa mama

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, lure yangu ya kwanza, yaani chambo bandia, ilizama kwenye majani ya Asembo Bay na haikurudi.

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Sikusomea uvuvi popote. Nimejifunza kwa kusoma, kutazama video na kupoteza vifaa. Kama unavua kwa rod, ile fimbo ya kuvulia, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi, soma mpaka mwisho.

Kwanza, sababu ya safari.

Mama yangu aliuza samaki Asembo Bay miaka yake yote ya nguvu. Miguu ilipoanza kumsumbua nilimleta kwangu Nyamasaria. Anakula, lakini kidogo sana. Samaki wa barafu humgusa kwa kidole, kisha humsukuma pembeni mwa sahani.

Jioni moja akaniambia, "Nyathina, mimi nataka mbuta wa pale kwetu. Wa ndoana. Nikikula huyo mara moja tu, sitakusumbua tena."

Mbuta ni sangara, na nyathina ni mwanangu. Nina mvi kichwani, lakini kwake bado ni nyathina. Yale maneno ya "sitakusumbua tena" hayakunipendeza hata kidogo. Nikaamua samaki huyo atapatikana, na nitamvua kwa mkono wangu.

Waliokulia ufukweni watanielewa hapa. Zamani boti zikikaribia, kina mama walikuwa wameshaingia majini mpaka magotini, kila mmoja na karai lake. Maji ya pale yalikuwa safi. Nikisimama niliona vidole vyangu vya miguu na visamaki vidogo vikivinusa.

Mama hakuhitaji mizani. Alimshika samaki, akamuinua mara mbili, akataja bei. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo. "Yule anavuta mkono chini, chukua," alinifundisha. "Mwepesi ni mgonjwa. Rudisha."

Mpaka leo nikinunua nyanya huwa naziinua mara mbili.

Sasa turudi kwenye vifaa. Glide bait ni samaki bandia mwenye kiungo kimoja katikati. Ukimvuta polepole anakwenda kushoto, anakwenda kulia, kama mtu asiye na haraka. Kuna wanaoelea, kuna wanaozama polepole, na kuna wanaozama haraka.

Dukani mjini muuzaji alinitandazia kadhaa juu ya kaunta. Niliyoyasoma yote yalinitoka kichwani. Niliziinua moja moja kwa kiganja, mara mbili mbili, nikachagua mbili zilizovuta mkono chini kuliko zote.

Hapo ndipo nilipokosea.

Boti ilikuwa ya Owiti, niliyekua naye. Pale kina mama walipokuwa wakisimama sasa ni majani matupu. Yametoka chini mpaka karibu na uso wa maji, na juu yake gugu maji linakuja na kuondoka na upepo. Maji ya wazi juu ya majani hayafiki urefu wa mkono.

Nikarusha. Kabla lure haijageuka hata mara moja, ilikuwa imeshalala kwenye majani. Nikavuta, mshipi ukakatika.

"Omera, ndugu yangu," Owiti akasema, "umekuja kuvua ama kupanda mihogo?"

Nikafunga ya pili. Nayo ikapandwa.

"Hiyo ilikuwa bei gani?"

"Usiniulize, Owiti."

"Basi mbuta wa leo amekula breakfast ya hoteli."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa ameshaosha sufuria akaiweka tayari. Hilo liliniuma kuliko lure zote mbili. Nikamweleza jinsi nilivyochagua. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Mimi nilikufundisha kununua samaki. Nani alikufundisha kumnunulia samaki chakula? Mbuta hana sufuria! Anachukua yule mimi nilikuwa narudisha."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha, kisha nikarudia niliyosoma. Yanakubaliana. Mbuta hujibanza ukingoni mwa majani akimngoja aliyechoka, anayeyumba karibu na juu.

Kwa hiyo nikarudi dukani kutafuta mgonjwa.

Nilichukua lure inayoelea, urefu wa kiganja, rangi ya fedha iliyofifia. Maji yetu siku hizi ni ya tope. Rangi za kumetameta ni za kuvutia mnunuzi. Nikaijaribu kwenye pipa la maji ya mvua. Ilikuwa inaelea mno, nikaizungushia waya mwembamba wa risasi tumboni mpaka ikabaki inaning'inia chini kidogo ya uso wa maji. Ndoana zile za meno matatu nikazitoa, nikaweka za jino moja zinazotazama juu, kwa sababu meno matatu yanakusanya majani kama reki. Mshipi nikabadilisha, nikaweka wa kusuka, mnene.

Jumamosi iliyofuata Owiti alinipeleka tena, akiuliza kama nimebeba mbegu.

Sikurusha katikati ya majani. Nilirusha sambamba na ukingo wake, nikavuta polepole, na kila palipokuwa na uwazi nikasimama. Kusimama ndiyo siri yenyewe. Lure ikisimama inageuka ubavu, kama inayokata tamaa.

Kwenye uwazi wa tatu maji yalipasuka.

Hakuwa mbuta wa kupiga naye picha ya kutundika ukutani. Alikuwa wa kutosha sufuria. Owiti alimbeba samaki mwenyewe mpaka ufukweni, na hiyo kwake ni pongezi.

Mama alimpokea samaki mlangoni. Siku hizi anatumia mikono yote miwili. Akamuinua mara mbili.

"Themanini."

"Mama, mbuta kama huyu siku hizi..."

"Themanini. Hutaki, peleka kwa wengine."

Akafungua fundo la leso yake, akanihesabia. Nikapokea kama wavuvi walivyokuwa wakipokea, bila kubisha zaidi.

Alikula mpaka kichwa. Akalamba vidole, akanitazama.

"Jumamosi unaenda tena?"

Ile ahadi ya kutonisumbua ikafa pale pale mezani, wala sikuiombolezea.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kuchagua lure, jiulize ni nani atakayeila na amejificha wapi. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, chukua nyepesi, punguza meno ya ndoana, pita ukingoni, na usione haya kusimama.

Wenye uzoefu wa gugu maji, nirekebisheni. Na kama mama yako naye alikuwa na kipimo chake cha mkono, tuandikie hapa, ningependa kusoma.

Hesabu ya mwisho: lure mbili zilizobaki Asembo, shilingi 4,600. Toa themanini za mama. Hasara ni shilingi 4,520.