Mtoto Atasoma Akiwa Tayari

Siku za Alhamisi viti havikutosha jikoni kwa Marlys Oelke. Kina mama walifika saa nne asubuhi, wakavua mabuti yenye matope ya Machi kibarazani, wakamiminiwa kahawa, wakaanza kuuliza. Marlys alikuwa na watoto sita, na wote aliwasomesha nyumbani, kwenye meza ileile, kwa miaka ishirini na miwili. Watano walikuwa wameshatoka: mmoja nesi, mmoja fundi wa matrekta, watatu vyuoni. Kwa hiyo alipofungua mdomo, hata wale waliokuwa wananyonyesha waligeuza shingo.

"Bi Marlys, huyu wangu hesabu hataki kabisa. Nikitoa daftari anaingia chini ya meza."

"Mfuate hukohuko. Wangu wa tatu kugawanya alijifunzia chini ya hiyo meza, yeye na mbwa."

"Na mbwa alifaulu?" akauliza mmoja, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Brynn, mdogo kuliko wote, hakucheka. Alikuwa na daftari la kuandika kila analosema Marlys. Alisema mtoto wake wa miaka miwili, Hollis, anamwaga unga kila mama yake akianza kumfundisha kaka yake.

"Mpe droo moja ya jikoni iwe yake," Marlys alimwambia. "Weka vifuniko, mwiko, makopo. Ibadilishe kila Jumatatu. Na maharage yachemshe Jumapili. Ukiweka sufuria na hesabu asubuhi moja, kimoja kitaungua."

Brynn aliandika. Kisha akateremsha sauti. "Na Colter? Ana miaka minane, hajasoma bado. Mama mkwe ananisakama. Ameshanitafutia na nafasi shuleni, mara mbili kwa wiki kwa mwalimu wa kusoma. Nimeikubali ili anyamaze tu."

Jiko zima lilimtazama Marlys. Jibu walilijua, walitaka tu kulisikia tena.

"Mtoto atasoma akiwa tayari," alisema Marlys.

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara mia. Siku hiyo aliyasema akiutazama mlango wa sebule. Maana sebuleni, nyuma ya mlango, kitinda mimba wake Tessa, wa miaka kumi, alikuwa amelala kifudifudi akimsomea paka kitabu, kwa sauti safi, neno kwa neno. Na Marlys alijua, tangu siku tisa zilizopita, kwamba Tessa hajui kusoma.

Aliyemfichulia ni sufuria. Aliacha karatasi kwenye friji, usawa wa macho ya mtoto: Niko kwa kuku, zima jiko saa tano. Aliporudi nyumba imejaa moshi. Tessa amesimama mbele ya karatasi ile, mikono nyuma.

"Hukuiona?"

"Niliiona, Mama."

"Sasa?"

Marlys akachukua kitabu alichokipenda Tessa, akakifungua katikati, akamwambia asome hapo. Tessa akaanza na sentensi ya kwanza ya sura, ambayo ilikuwa kurasa nne nyuma.

Ndipo alipoelewa. Kila asubuhi tangu Tessa yumo tumboni, nyumba ile ilisomewa kwa sauti baada ya uji. Kaka na dada zake walisoma vitabu hivyohivyo kwa zamu. Masikio ya mtoto yalikusanya kila kitu, na pale kitabu kilipoangukia mikononi mwake alikitoa chote kama alivyokipokea, na kurasa akazifungua kwa wakati. Mwalimu alikuwa Marlys. Mtahini, Marlys. Mwalimu mkuu aliyetia sahihi kila mwaka kwamba mtoto anasoma vizuri, Marlys huyohuyo. Nani mwingine angeona?

"Usimwambie mtu," Tessa alisema siku ile, moshi ukiwa bado darini.

Alimwambia mumewe Dale tu. Dale aliendelea kufunga kamba za viatu. "Si wewe unayesema kila siku? Atasoma akiwa tayari." Hakuwa na kejeli. Aliamini kweli.

Nafasi ya kusema ilikuwepo bado, lakini ilifungwa Alhamisi iliyofuata, wiki moja baada ya swali la Brynn. Onyesho la masika lilikuwa karibu, Jumamosi ile ambayo watoto wote wa kundi hilo la kina mama husimama ukumbini, chini ya kanisa, kusoma au kupiga fidla mbele ya babu na bibi zao. Brynn aliingia hata mabuti hajavua.

"Mama mkwe anakuja! Lakini ana sharti. Mnamjua Bi Corliss, miaka thelathini na moja kafundisha darasa la kwanza. Anasema vitabu vyetu tunavichagua wenyewe, kwa hiyo atakuja na chake, mtoto mmoja akisome hapohapo. Nimemwambia atasoma Tessa."

Kina mama wakapiga makofi. "Mlete bibi! Mlete apate dawa yake!"

"Sawa," Marlys alisema. Neno moja, na akausikia mlango ukijifunga nyuma yake.

Wiki mbili zile alimwamsha Tessa kabla ya kuku kutoka. Wakaandika herufi kwenye unga, wakazikata kwenye kadibodi, wakaziimba. Mtoto alilia, kisha mama naye akalia akiwa kwenye stoo ya chakula.

"Zinatembea, Mama. Nikiikamata hii, ile inageuka."

Shuleni kulikuwa na yule mwalimu wa kusoma, wa watoto wa namna hiyo, na aliwapokea hata waliosomea nyumbani. Mara mbili Marlys alishika simu, mara mbili akairudisha. Mwaka juzi alisimama kwenye mkutano wa shule hiyohiyo, mbele ya wilaya nzima, akasema, "Hatuhitaji chochote kutoka kwenu." Alipigiwa makofi siku hiyo pia.

Na Alhamisi zilikuja vilevile. Aliwashauri juu ya vitafunwa, juu ya waume wasiosaidia, juu ya kufundisha na nguo za kulalia, kwamba si dhambi. Akamimina kahawa. Akamwona Brynn akiandika. Jiko alilolipenda kuliko mahali pote duniani lilikuwa limembana, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.

Jumamosi ikafika. Meza za ukumbi zilijaa mabakuli ya viazi na jibini, mikate ya mahindi, rojorojo ya kijani ambayo kila mwaka huletwa na hailiwi. Bi Corliss alikuwa mrefu, raba nyeupe miguuni, kitabu kwapani. Kitabu kipya, kina picha ya bwawa na mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa akiburuta gogo.

Tessa alikipokea. Akatazama picha. Marlys alikuwa kwenye dirisha la jikoni la ukumbi, upawa mkononi.

"Hapo zamani," Tessa akaanza, "mtoni kulikuwa na mjenzi mmoja asiyependa majirani."

Akaendelea. Sauti ilipanda, ikashuka, akafungua kurasa kila mahali panapostahili, akawachekesha, akamaliza mjenzi akiwa amejizibia mwenyewe ndani ya bwawa lake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna hata neno moja alilosema lililokuwa kwenye kitabu kile.

Bi Corliss hakupiga makofi. Alinyoosha mkono, akachukua kitabu, akatazama ukurasa, akamtazama mtoto. "Ahsante, mpenzi. Una sauti nzuri sana," alisema taratibu. Kisha macho yake yakavuka ukumbi mpaka dirishani, yakatulia kwa Marlys.

Brynn ndiye aliyesimama, machozi yakimtoka. "Mmesikia wenyewe! Jumatatu napiga simu shule. Colter haendi tena kwa yule mwalimu. Bi Marlys alisema, na leo tumeona."

Makofi tena. Marlys aliuachia upawa, ukaanguka kwenye sufuria ukazama wote. Angeweza kunyamaza. Ingetosha kutabasamu tu, na watu wangekula viazi wakaenda zao. Akatoka jikoni, akamshika Tessa bega, akampeleka kwenye chumba cha viti vya kukunja.

"Nataka kumwambia Brynn. Lakini ni siri yako. Naweza?"

"Watu wote?"

"Yeye tu. Wengine watajua baadaye, sitakudanganya."

Mtoto alifikiri, akichokoa rangi ya kiti. "Mwambie Colter asifanye kama mimi," akasema. "Inachosha."

Brynn aliitwa. Alisikiliza mpaka mwisho, daftari kifuani. Nje watu walikuwa wanagongesha sahani.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki nne na kidogo."

"Wiki nne." Brynn alihesabu kwa midomo. "Alhamisi zote hizo. Unanitazama usoni na kunimiminia kahawa."

"Ndiyo."

"Mtoto wangu, Bi Marlys. Si keki kwamba ikiharibika tunaoka nyingine."

Akatoka. Marlys alibaki na viti mia, vyote vimekunjwa.

Alhamisi alipika kahawa ya watu kumi na wawili, wakaja watatu. Dale aliinywa iliyobaki mpaka jioni, akalalamika moyo unamwenda mbio. Marlys alipomwambia kwamba amepiga simu shuleni kwa ajili ya Tessa, alisema jambo moja tu: "Kwa hiyo tunawapelekea wenyewe."

Jumanne, saa saba mchana, Marlys aliegesha gari lake kubwa la viti kumi na viwili, tupu isipokuwa kiti kimoja, mbele ya lango la shule ambalo aliwakataza kina mama wasiohesabika kulikaribia. Tessa aliteremka, akatazama nyuma mara moja, akaingia. Saa nzima ilikuwa mbele. Marlys hakujua afanye nini na mikono yake. Kwa miaka ishirini na miwili, saa saba mchana ilikuwa na mtoto ndani yake.

Gari jingine likaja likasimama ubavuni. Lilikuwa la Brynn. Colter akateremka, akakimbia. Brynn alibaki, uso mbele, mikono kwenye usukani. Hollis alikuwa nyuma, akigonga kioo kwa mwiko.

Kisha kioo cha Brynn kikashuka upana wa vidole viwili.

"Ile droo," alisema, bila kugeuka. "Ameshaichoka. Sasa anafungua ya visu."

"Visu vihamishie juu. Hiyo yake ifunge kamba, umfungulie mwenyewe asubuhi. Ikiwa imefungwa ataitaka."

"Hiyo una uhakika nayo?"

Marlys alifikiri. Alifikiri kweli, akiwapitia watoto wake sita mmoja mmoja.

"Kwa wanne ilifaa," alisema. "Wawili walikata kamba."

Brynn hakucheka. Hakuandika. Kioo kikapanda tena, wakaendelea kungoja.